Kapulana ya Pili

Nilza alikifumua kichwa cha sanamu yake kwa mara nyingine tena, akakitupa ndani ya kapu la vitambaa na kusonya kwa nguvu.

"Kama mto wa kulalia! Kichwa gani hiki?"

Mwili ulikuwa umekamilika zamani. Ulisimama pale barazani kwa mama yake, mtaani Mafalala, kuanzia shingo mpaka magoti: magunia ya unga yaliyojazwa makumbi ya nazi, yakavikwa ngozi ya vipande vya kapulana, vile vitenge vya kujifunga, alivyoviomba kwa mafundi cherehani wa Maputo nzima. Mbavu zilikuwa zipu. Chuchu zilikuwa vifuniko vya chupa za bia. Mapaja yalizungushiwa tepu za kupimia, na mgongoni, kwa uzi mwekundu, Nilza alikuwa ametarizi maneno wanayotupiwa wanawake wakijipitia zao njiani. Wauza mboga wa sokoni walimtajia mengi mpaka mgongo ukajaa. Mzigo huo unaupeleka wapi? Mrembo, simama basi tukuone. Unaringa nini na wewe? Kiunoni akauvisha utunda, shanga nyekundu na nyeupe, zinaonekana kwa mbali.

Kichwa tu ndicho kilichogoma.

"Kiache," sauti ikatoka uani. Mama Celestina, mama yake, alikuwa akitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya matapa. "Kwenye ile picha hakikuwepo. Wewe unakitafutia wapi?"

Nilza alijua picha gani.

Alipokuwa msichana mbichi, Mama Celestina aliitwa na mwenye duka moja la vitambaa akapigwe picha ya kalenda. Akaambiwa avae kapulana mpya, asimame hivi, ageuke vile, aishushe kidogo, kidogo tena. Akaambiwa nchi nzima itamwona. Basi akashinda kutwa anasukwa, kichwa kikamuuma hata usingizi hakuupata. Kalenda ilipotoka, ilianzia shingoni. Zile nywele zote, yale macho, lile tabasamu alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo cha dada yake, vyote wamevikata wakavitupa. Watu hovyo kabisa! Kalenda ikabandikwa kwa vinyozi, kwenye magereji na vilabu vya pombe. Mwaka ukaisha na hakuna aliyeibandua, maana nani alikuwa akiangalia tarehe? Akaja akaolewa, akazaa, akawa anampeleka mwanawe wa kiume kunyolewa. Anakaa kwenye benchi chini ya mwili wake mwenyewe, wanaume wanausifu kiungo kwa kiungo, na kinyozi anamwambia, "Mama, hebu sogea kidogo, unatuzibia kalenda."

Alimsimulia Nilza haya mara moja tu, huku akicheka. Nilza hakucheka. Akaanza kushona bila kuomba ruhusa, na hapo alikosea. Asubuhi moja mama alitoka barazani na kikombe cha chai, akaiona ile nyonga iliyobetuliwa upande, akaijua papo hapo.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Mama Celestina aliuzunguka ule mwili polepole, akasoma maneno ya mgongoni, akanywa chai yake. Nilza alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, malizia," mama akasema. "Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Mimi nilishatundikwa mara moja. Nikija huko kwenye maonyesho yenu nikakuta umenitundika tena, nitageuka nirudi nyumbani kwangu, na kazi zako hizi usinitajie tena maisha."

Na sasa maonyesho yalikuwa kesho. Nilza alijua kabisa kwamba hajui. Kumshona na kumtundika, tofauti yake iko wapi? Alidhani iko kwenye kichwa, lakini kila kichwa alichoshona kilikuwa cha uongo. Akapeleka mwili bila kichwa, roho juu.

Kesho yake jumba la sanaa lilijaa mapema. Bwana Hélder, msimamizi wa jumba, aliusimamisha ule mwili katikati ya ukumbi, akaweka kibao: USIGUSE. Wanaume watatu wakaja wakasimama mbele yake na bilauri za divai.

"Huyu msanii anajua kupima, bwana!" mmoja akasema. "Kiuno hiki kingekuwa na simu, ningeomba namba sasa hivi."

Wenzake wakaangua kicheko. Nilza alikuwa nyuma ya nguzo, anasikia yote. Nimefungua duka la kinyozi, akawaza. Nimefungua duka lingine la kinyozi, na mama yangu anakuja.

Wala hakuwa mbali. Aliingia na wenzake wa kwaya ya kanisani, wote wamejifunga kapulana za sikukuu, na kila mmoja ameweka ya pili begani. Mbele kabisa alikuwa Shangazi Argentina, ambaye mdomo wake unajulikana mpaka kivukoni. Wanaume wale watatu wakawapisha. Shangazi akautazama ule mwili juu, akautazama chini, kisha akajishika kifua.

"Yesu na Maria! Utunda!"

"Shangazi, ni sanaa..."

"Sanaa nini? Matiti sawa, sote tulinyonya. Lakini utunda wa mtu, Nilza! Hadharani, mbele ya walevi! Huo ni wa chumbani kwake. Nani kakufundisha mambo haya?"

Nilza na rafiki zake hununua shanga sokoni na kuzivaa ufukweni juu ya nguo za kuogelea. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya rangi tu. Haikumpitikia hata kidogo kwamba kwa mama yake hapo ndipo uchi wenyewe ulipo. Akamtafuta mama kwa macho, akijua atauona mgongo wake unaelekea mlangoni.

Mama Celestina hakuwa ameelekea mlangoni. Alikuwa anashusha kapulana yake begani.

Kule kwetu ile kapulana ya pili haitoki nyumbani kwa urembo. Ni ya mtoto atakayesinzia, ya mvua itakayokuja ghafla, ya mwenzako atakayefunguka nguo barabarani. Mwanamke akiona mwenzake amefunguka, haulizi ni nani. Anamfunga kwanza.

"Mama, tafadhali!" Bwana Hélder alikuja mbio. "Kazi haziguswi! Hujaona kibao?"

"Mimi mji mzima ulinitazama mpaka ukachoka, baba, na hakuna aliyeniwekea kibao."

"Nilza! Sema neno! Anakuharibia kazi!"

Nilza alitazama. Zile mbavu za zipu zilizomtoboa vidole zilikuwa zinafunikwa. Maneno mekundu ya mgongoni yalikuwa yanazama. Iliuma, asikudanganye mtu, miezi yote ile ya kushona iliuma. Lakini aliziona pia zile nyonga mbili, ya makumbi na ya mama yake, zimebetuka upande uleule, na mikono ya mama inafunga fundo taratibu kama anayemvisha bintiye.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize."

Fundo likakaza. Shangazi Argentina akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaibana kapulana kifuani, akawageukia wale wanaume watatu. "Haya, nani alikuwa anaomba namba?" Yule mchekeshaji akaona ni afadhali aitazame bilauri yake.

Hapo Adérito, mpiga picha wa gazeti, akasogea na kamera yake, akaielekeza kifuani pa ule mwili.

"Ngoja wewe," mama akamwambia.

Akapita nyuma, akaweka kilemba chake sawa, akaegemeza kidevu juu ya ile shingo tupu. Kilikaa barabara, kwa sababu shingo ilikuwa yake. Kisha akatabasamu. Nilza alikuwa hajawahi kuliona tabasamu lile maishani mwake, la msichana aliyesimama mbele ya kioo cha dada yake, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Haya, piga," akasema Mama Celestina. "Na safari hii ukikata kichwa, tutaonana wabaya."

Adérito akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akamkanyaga Bwana Hélder, ndipo kichwa kikaingia chote pamoja na kilemba chake.