Hirizi Ndani ya Kompyuta

Semboja alimuuzia Naomi kompyuta yake kuukuu huku akicheka moyoni. Mashine ile ya mtumba ukiiwasha asubuhi, unakwenda kunywa chai na kurudi, bado inajikongoja. Yeye alikwishanunua mpya Dar es Salaam, na pale Handeni mjini duka lake la kuchapa halikuwa na mpinzani. Naomi, binti wa wafugaji ambaye Semboja mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, achukue tu mzoga wake akahangaike nao.

Naomi akafungua duka lake, na haikupita miezi mingi, wateja wakahama. Kadi za harusi, risala, barua za kuomba kazi, vyote kwa Naomi. Ati alikwenda Korogwe, fundi mmoja akampa sidii ya Linux, mfumo mwepesi usioielemea mashine nzee, na sasa kompyuta inawaka upesi na haigandi. Semboja hakuamini hata kidogo. Wivu ulimwingia. Mashine aliyoichoka yeye, leo ndiyo imwaibishe? Akaanza kueneza sokoni kwamba binti yule alimwibia memori, kipande kinachoipa kompyuta kasi, alipokuwa kibarua wake.

Maneno yakamfikia Naomi. Siku ya gulio alimwita Semboja dukani kwake, mbele ya wateja, akampa bisibisi.

"Shikamoo, mzee. Fungua mwenyewe. Ukikuta humo kitu kigeni, nafunga duka leo."

Semboja hata marahaba hakuitikia. Alifungua kwa pupa. Memori ilikuwa ile ile ndogo, na alama ya rangi ya kucha aliyoitia mwenyewe. Pembeni, imefungwa kwa uzi mweusi, ilikuwapo hirizi aliyoiweka siku alipofungua duka, kuikinga mashine na wenye husuda. Alikuwa ameisahau kabisa.

Mteja mmoja akauliza ni nini kile. Semboja akaifunika kwa kiganja.

"Ni ya mzee," Naomi akajibu taratibu. "Alinieleza kazi yake nilipokuwa kwake, nikaiacha humo humo. Sikujua itakuja kunikinga na yeye mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Semboja alirudisha skrubu moja moja bila kuinua uso. Naomi akamuuliza kama angependa kuichukua hirizi yake.

"Iache," alisema, kwani alijijua. Wivu ulikuwa bado haujamtoka.