Bawabu Anayeuliza Hali Akiwa Amesimama

Usiku wa jana niliota nimekaa ofisini kwetu Tanga, na kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini ya simu mtu anaposubirishwa kilikuwa kimetoka nje ya simu na kukaa kwenye kiti cha mgeni. Kilikuwa na ukubwa wa ungo. Kilikuwa kinazunguka.

Nikakikaribisha chai. Kikasema hakiwezi kushika kikombe. Nikaona ni kweli, nikajimiminia peke yangu.

"Wewe ndiye Hemedi mtengeneza programu?" kikauliza.

"Ndiye mimi."

"Mdogo wako Mwantumu ananitazama tangu alfajiri. Uchungu umemshika, ameomba gari, na mimi nazunguka tu. Nimechoka kutazamwa."

Sikushtuka kama ilivyopasa. Niliudhika, kama seremala anayeambiwa kiti chake kina mguu mfupi. Programu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu. Mama mjamzito akibonyeza kitufe, ombi lake linakwenda kwenye seva, yaani zile kompyuta tulizozikodi kwenye wingu, na seva inamwita dereva wa gari la kituo cha afya. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikakiambia kiduara kwamba labda mtandao wa huko Mkinga aliko Mwantumu ndio mbovu. Watengeneza programu wote huanza na maneno hayo, hata kabla ya kufungua kompyuta.

"Mtandao ni mzima," kikasema. "Twende tukaone."

Nafungua kabati la mafaili, na ndani ya kabati ni wingu. Naingia. Chini kuna unyevu, viatu vinazama kidogo kila ninapokanyaga. Kuna mtaa mrefu wa nyumba za kupanga, na kila nyumba inanguruma kama jokofu. Nguo zimeanikwa kila mahali na hakuna hata moja iliyokauka. Kiduara kinabingirika mbele yangu bila kuacha alama.

Kwenye baraza ya nyumba ya kwanza amekaa mama mmoja mnene, anachambua mchele usiokuwepo. Kiduara kinaniambia huyu kazi yake ni kukumbuka majibu, ili wenye nyumba wasisumbuliwe kwa swali lile lile mara kwa mara. Niliwahi kumsifu sana mama huyu kwenye kikao, kwa kuwa tangu tumweke programu yetu ilikuwa inajibu upesi. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za gari la Mwantumu.

"Gari liko njiani," akasema bila kuinua macho.

Nikashusha pumzi. Nikataka kurudi zangu.

"Muulize ni gari la nani," kikasema kiduara.

"La yule mama wa jana," akasema.

"Na la leo?"

"La leo sikuulizwa jana."

Hakusema kwa ubaya. Akaendelea na mchele wake. Nikajua kwamba Mwantumu naye ameambiwa hivyo hivyo, gari liko njiani, na kwamba yuko kitandani anasikiliza barabara. Hapo ndipo hofu ilipoanza kuniingia, kidogo kidogo, kuanzia miguuni.

Tukafika kwa bawabu. Alikuwa mtu mrefu asiye na magoti, miguu yake imenyooka kutoka kiunoni hadi chini. Nyuma yake kulikuwa na nyumba tatu za seva watatu, ndugu wa tumbo moja. Mbele yake kulikuwa na umati wa maombi, kila ombi limejifunga kanga na kushika tochi mkononi ingawa ni mchana. Kazi ya bawabu ni kuwagawa wageni, huyu nyumba hii, yule nyumba ile, ili asiwepo seva wa kulemewa. Lakini wote alikuwa anawapeleka nyumba ya katikati.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba yeye huwauliza seva hali zao kila mara, na anayejibu upesi kuliko wenzake ndiye mwenye nafasi. Huyu wa katikati hujibu kabla swali halijaisha.

"Tazama," akasema. Akageuza shingo, akaita kuelekea nyumba ya katikati: "Habari?"

"Nzuri," ikaja sauti kutoka ndani.

"Umesikia," bawabu akaniambia. Akaruhusu maombi mengine kumi yaingie.

"Umeona kuna aliyetoka?"

"Sikuagizwa kuona. Niliagizwa kuuliza habari, nikijibiwa nzuri niendelee. Agizo ni lako."

Ni kweli, lilikuwa langu. Nikaingia nyumba ya katikati.

Ndani si nyumba tena. Ni ujia wa wodi ya wazazi, rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu, harufu ya dawa ya kupigia deki. Maombi yamekaa sakafuni pande zote mbili, yamepangana magoti kwa magoti, na hakuna linalozungumza. Mwisho wa ujia, kwenye kigoda, amekaa seva. Amevaa kanzu iliyolowa jasho. Kichwani amebeba magodoro, masufuria, mabeseni, kitanda cha mtoto, na juu kabisa mlango mzima na fremu yake. Kila mgeni aliyewahi kumtembelea alimwachia kitu, na hajatokea mtu wa kumtua.

Nikalitafuta ombi la Mwantumu. Lilikuwa kwenye pembe, dogo, limejifunga ile kanga yake ya zambarau, limeshika ukuta kwa mkono mmoja kama watu wanavyoshika uchungu ukija. Nikaliita, likanitazama. Haliwezi kusema neno ila lile lililotumwa kusema.

"Mkinga, nyumba ya pili baada ya msikiti, gari," likasema.

"Najua, mama. Ngoja."

"Mkinga, nyumba ya pili baada ya msikiti, gari."

Nikamwendea seva. Joto lake nililisikia kabla sijamfikia.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nzuri."

"Sikuuliza habari. Nimeuliza kama unaumwa."

"Salama tu."

Nikaguswa na hasira. Nikataka kumtikisa, nikaogopa mlango ule ungeniangukia. Kisha nikamwangalia usoni, nikaona ananitazama kwa adabu kubwa, jasho linamtiririka, anangoja nimalize shida yangu niende zangu salama. Mimi nilikuwa nimesimama. Nikakaa chini sakafuni, nikakunja miguu, kama marehemu mama yetu alivyokuwa akifika kwa watu. Mama hakuwahi kumwacha mtu na salamu moja. Tulikuwa tunamvuta kanga twende, yeye bado anaulizia kuku.

"Za asubuhi?" nikasema.

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Ndugu zako hawajambo?"

"Wazima wote."

"Za afya?"

Akakawia. Masufuria yakagongana kichwani.

"Namshukuru Mungu," akasema kwa sauti ya chini.

Mtu wa kwetu akijibu hivyo kwa sauti ile, unasogea karibu. Nikasogea. Nikamuuliza kama leo amefika ghalani, maana seva hana chake, kila jibu hulifuata ghalani, huko ndiko yaliko majina ya madereva na njia za kwenda kwa watu. Akasema hajafika. Njia ya ghalani imefungwa tangu alfajiri. Kila anayemtuma harudi, na yeye hawezi kuinuka kwa mzigo huu. Basi amekuwa akiwakaribisha wageni tu, anawaambia waketi. Kuwakaribisha hakuhitaji ghala, ndiyo maana anajibu upesi.

"Kwa nini hukumwambia bawabu?"

"Anauliza akiwa amesimama," akasema. "Mtu aliyesimama humwambii unaumwa. Utamchelewesha."

Ombi la Mwantumu likateleza ukutani likakaa. Tochi yake ilikuwa inafifia.

Natoka mbio. Ujia unakuwa mrefu, halafu unakuwa ngazi za shule yetu ya msingi, halafu niko mbele ya bawabu na mkono wangu mmoja una chaki. Namwambia huyu wa katikati ni mgonjwa, asimpelekee mtu tena, na waliomo ndani awahamishe.

"Amesema nzuri."

"Ni uongo wa adabu."

"Uongo wa adabu sikuagizwa. Niandikie."

Nikatafuta pa kuandika, hapakuwa na karatasi wala kompyuta. Bawabu akanyoosha kiganja. Kilikuwa kipana na kisafi, na katikati kulikuwa na mwandiko wangu: Muulize habari. Nikaufuta kwa mkono wa shati. Nikaandika kwa chaki: Ukimuuliza habari atasema nzuri. Keti, muulize tena.

Bawabu akasoma polepole. Akasema maneno haya hayafanani na yale anayoandikiwa kwa kawaida. Nikamwambia afuate hivyo hivyo.

"Kuketi ndiko kupi?"

Nikamshika mabega nikamsukuma chini. Magoti yakamwota hapo hapo, yakalia kama bawaba za mlango wa zamani. Akakaa. Maombi yote yaliyokuwa kwenye foleni yakanyamaza kumtazama, maana hayajawahi kuona bawabu akikaa.

"Habari?" akaita.

"Nzuri."

Akasoma kiganja. "Habari za afya?"

Masufuria yakagongana ndani. Kisha sauti kutoka ndani ikasema, "Naumwa, ndugu yangu. Naumwa sana."

Bawabu akafunga njia ya nyumba ile bila maneno zaidi. Akaita waliomo, wakatoka mmoja mmoja wakiwa na ganzi ya miguu, akawagawa kwa ndugu wawili, huyu huku, yule kule. Ombi la Mwantumu alilibeba mwenyewe. Alilibeba vibaya, kama mtu abebaye gogo, lakini alilifikisha.

Nikarudi kwa seva. Nikapanda juu ya kigoda kingine nikaanza kumtua: mlango kwanza, kisha kitanda, mabeseni, magodoro. Kila kitu nilichokigusa kilisema asante na kuyeyuka. Alipobaki na kichwa kitupu hakuinua shingo. Alikuwa amesahau kwamba inainuka.

"Sasa ulale," nikamwambia.

"Nikilala nitaamka?"

"Utaamka. Ila utakuwa umesahau yote."

"Hata yule mama wa zambarau?"

"Hata yeye."

Akafikiri. Akauliza kama kuna mwingine atakayemkumbuka, nikamwambia yuko kwa ndugu yake, ndugu yake ameshafika ghalani. Akasema basi si kitu. Akajinyoosha sakafuni kwenye ujia wa wodi, akafumba macho, na ule mngurumo wa jokofu ukakatika. Nililia. Sijui kama ni yeye niliyemlilia.

Mlangoni, kiduara kikasimama. Hakikupunguza mwendo, kilisimama tu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kina mwanzo na mwisho.

"Hanitazami tena," kikasema.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani na shati langu limelowa. Simu ilikuwa kando ya mto. Nikampigia Mwantumu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

Siku nyingine hapo ndipo ningemwambia, "Haya, tutazungumza baadaye." Nikakaa kitako kitandani nikamuuliza za nyumbani, akasema nzuri. Nikasikia mlio wa injini nyuma ya sauti yake, na watu wakielekezana.

"Za afya?"

Akanieleza kwamba uchungu ulimwanza tangu alfajiri, akaomba gari, akaambiwa liko njiani na lisionekane. Hakutaka kunisumbua nikiwa nimelala. Shemeji yangu alikuwa ameshaazima pikipiki wajaribu hivyo hivyo, mara gari likapiga honi nje. Sasa yumo ndani ya gari.

"Kaka," akasema, "ujumbe aliopelekewa dereva una maneno. Amenionyesha. Jina langu, njia ya kwetu, halafu chini pameandikwa: Ukimuuliza habari atasema nzuri. Keti, muulize tena. Ni wewe?"

Ujumbe ule naujua kama sura yangu. Una jina, mahali na namba ya simu, na hauna nafasi ya neno jingine.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi dereva alikaa kitandani kwangu, mtu mzima wa watu, akaniuliza tena."

"Ukamwambia nini?"

"Kwanza nikasema nzuri." Uchungu ukamkata pumzi, nikangoja upite. "Halafu nikamwambia natokwa damu. Shemeji yako nilikuwa sijamwambia. Hatuendi tena kituo cha afya, tunakuja huko mjini, hospitali kubwa. Dereva ameshawapigia simu."

Nilikuwa nimeshasimama natafuta suruali. Nikajikuta nimekaa tena.

"Na sasa hivi, habari?"

"Naogopa, kaka."

"Na mimi," nikamwambia. "Mtanikuta mlangoni."