Presha ya Tela

Sista alistaafu uuguzi akiwa na miguu mizima na hamu ya kwenda. Kiinua mgongo chake hakukijengea vyumba vya kupangisha kama watoto walivyomshauri. Alinunua tela la kulala, lenye kitanda, jiko na tangi la maji, la kuvutwa na pikapu yake. Alikuwa anakwenda kwa mdogo wake aliye mbali, ambaye mara ya mwisho walionana wote wawili wakiwa bado na nywele nyeusi.

Mwanawe wa kwanza aliposikia, usingizi ulimpaa. Asubuhi ya safari alijipakia kwenye pikapu bila kualikwa, eti anamsindikiza mama mpaka duka la tairi. Kusindikiza gani! Alikuja kufunga breki.

"Hizi za zamani bado zina meno," alianza, fundi hata hajasalimiwa.

"Hata maiti ana meno," Sista alisema.

Fundi aliangua kicheko. Kweli tairi zilikuwa na meno, lakini tela lilikuwa limesimama uani kwa mwenyewe wa kwanza miaka na miaka, na ubavuni zilishaanza kupasuka nyufa nyembamba. Tairi ya tela huzeeka kwa kusimama. Sista alilijua hilo vizuri kuliko alivyopenda.

Fundi akaleta nyingine, akamwonyesha mwana, si mama. "Bosi, hizi za gari dogo. Laini, mtazipenda."

"Bosi ni mimi," Sista alisema. "Na gari dogo halibebi kitanda, jiko na tangi. Nipe za tela, zenye ubavu mgumu."

Zilipoletwa aliinama, akasoma ubavuni uzito zinaobeba, kisha mwaka zilipotengenezwa. Alisoma bila haraka. Mwanawe aliangalia saa. Aangalie tu, saa si yake?

Tairi zikafungwa, tela likateremshwa kutoka kwenye jeki, kompresa ikaanza kunguruma. Hapo ndipo Sista alipomwona mwanawe nyuma ya tela, anamfanyia fundi ishara ya kiganja: shusha, shusha.

"Unashusha nini?"

"Presha, Mama. Jua hili! Upepo ukipata joto unavimba, tairi inapasuka. Presha ni kitu cha kushusha, si wewe uliyetufundisha?"

Ni kweli, nyumbani kwao neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Sista aliwapima presha mtaa mzima, na yake mwenyewe ilipopanda, wanawe walimwondolea chumvi, kisha ngazi, kisha habari mbaya. Sasa hata wakigombana waligombana kwa kunong'ona. Alikuwa amechoka kushushwa.

"Ya mtu inashushwa," alisema. "Ya tela inajazwa mpaka namba iliyoandikwa ubavuni, tairi ikiwa baridi. Yenye upepo kidogo ndiyo inayojikunja, ikachemka, ikapasuka. Soma mwenyewe."

Hakusoma. "Na wewe ukipasuka huko njiani?" Sauti ilimkatika. "Nani atakuokota, Mama?"

Fundi akajitia kutafuta spana.

Sista aliumia. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyowahi kumwambia. Lakini kurudi nyuma, hapana.

"Vidonge ninavyo, na mashine ya kupimia ninayo. Nikianguka, nitaanguka nikienda. Hofu yako ni yako, baba. Usinijazie kwenye tairi."

Akachukua mpira wa upepo mkononi mwa fundi, akachuchumaa, magoti yakalia ko! Kipimo akamtupia mwanawe.

"Mimi najaza, wewe unasoma. Kwa sauti."

Wakazunguka tela namna hiyo, mama anajaza, mwana anasoma, fundi kajishika kiuno hana la kufanya. Kila tairi sauti ya mwana ilizidi kushuka. Kwenye ya mwisho ilikuwa kama ya mtoto aliyeambiwa akalale.

"Imefika," alisema.

Lakini mkono haukutoka. Alikibana kipimo kwenye vali, kimekaa upande, upepo unavuja sss, naye amemkazia mama yake macho yaliyojaa maji.

"Achia, mwanangu," Sista alisema. "Ukizidi kunishika, unanipunguza."

Akaachia.