Sawa ya Dirishani

Alhamisi, tarehe nane Mei, asubuhi ya mvua, ndipo mambo ya Muasya yalipoharibika. Ambulensi haikuchelewa, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Ilifika nyumbani kwake Riruta upesi, mhudumu msichana akaruka chini, mkewe Kaluki akapakiwa akihema kwa pumu, akavishwa kifuniko cha oksijeni, na rangi ikaanza kumrudia. Kisha magari yakakwama Barabara ya Ngong, na mtungi wa hewa ukaisha. Ule mdogo wa akiba ulipuliza kidogo, nao ukanyamaza. Walipofika hospitalini Upper Hill, Kaluki alikuwa ameshakata roho.

Muasya alikuwa akitunza bustani za watu Lavington. Shule aliiachia darasa la tatu, lakini kuhusu wakubwa alijua jambo moja kwa hakika: wakikosea wao, hutafutwa mtu wa chini wa kubebeshwa. Kwa hiyo Mungai, meneja wa kampuni ya ambulensi, alipomwita ofisini kwake, huko huko Upper Hill, alikwenda na matusi aliyoyapanga vizuri, ya Kikamba na ya Kiswahili.

"Tumechunguza, Bwana Muasya," Mungai akasema. "Ni yule mhudumu, Ndunge. Mwenzake wa zamu ya usiku alimwambia mtungi uko karibu kuisha, abadilishe. Akasema sawa. Hakubadilisha. Ijumaa tunamwachisha kazi. Wewe ukiridhika, tufunge haya maneno."

Muasya akayaweka matusi kando.

"Alisema sawa?"

"Alisema sawa."

"Sawa ya nimesikia, ama sawa ya nimemaliza?"

Mungai akamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Sawa ni sawa, mzee."

Muasya hakutosheka. Njia nzima ya kurudi alitega masikio. Mteja alimwambia mama mboga sawa, akaenda zake bila kununua. Kijana alimwambia babake sawa kwenye simu ili tu mzee anyamaze. Kesho yake mwenye nyumba kule Lavington alimwagiza apunguze ua wa nyuma, naye mwenyewe akajibu sawa, mawazo yakiwa kwa Kaluki. Jioni akaulizwa ua umekuwaje, ndipo akakimbilia makasi. Neno dogo namna hiyo, na kazi zote hizo! Akaona hawezi kukubali mtoto wa watu afukuzwe, wala asifukuzwe, kabla hajajua ile sawa ilikuwa ya aina gani.

Akaenda mwenyewe kwenye kituo cha ambulensi, kando ya Barabara ya Naivasha. Dereva, Oduor, alikuwa akipangusa vioo. Alimjua mara moja.

"Mzee wangu, kama umekuja kupiga mtu, anza na mimi. Mimi ndio mnene."

"Sijakuja kupiga. Nimekuja kuuliza."

"Afadhali ungepiga. Kuulizwa tumechoka."

Ndunge akatoka nyuma ya gari, macho chini. "Pole, baba."

"Pole nimepewa nyingi. Niambie, siku ile ulipoambiwa habari ya mtungi, ulisema sawa ya nini?"

"Sikuambiwa, baba. Nimesema mpaka sauti ikaisha. Simu ya kutuita iliingia hata sijakaa vizuri, na hakuna mtu aliniambia kitu ya mtungi."

"Wee Ndunge!" Nthiwa, mhudumu wa zamu ya usiku, alitoka kibandani na kikombe cha chai mkononi. "Usinipake matope. Nilisimama dirishani mwa gari nikakwambia badilisha mtungi, ukanijibu sawa. Kwa masikio yangu haya."

"Masikio yenyewe yalikuwa yamekesha," Oduor akasema.

"Bora yangu yamekesha. Yako yana nta."

"Ngojeni," Muasya akasema. "Kila mtu akae pale alipokuwa siku ile. Nataka kuona."

Wakatazamana. Oduor akapanda, akawasha gari na vile vifagio vya kioo. Ndunge akaketi kando yake, akawaomba kwa redio ya gari wale wanaowaelekeza wamsomee njia yoyote, kama wafanyavyo kila siku. Nthiwa alipotaka kusimama dirishani, Muasya akamsogeza kwa mkono, akasimama yeye. Injini ilinguruma, redio ikakwaruza. Hakujua aseme nini, akasema kilichokuwa karibu.

"Kaluki alikuwa akitia tangawizi nyingi kwenye chai, mpaka nalalamika."

"Sawa," Ndunge akajibu, waziwazi, akiitikia kwa kichwa. "Sawa, sawa."

Muasya akasikia kifua kikilegea. Tangu mazishi hakuna aliyemjibu hivyo, kama mtu aliyesikia kweli. Oduor akazima gari.

"Nimesema nini?" Muasya akauliza.

Ndunge akageuka. "Kwani umesema kitu, baba?"

Nthiwa akaweka kikombe juu ya boneti, polepole. "Basi ile sawa haikuwa yangu," akasema.

"Ilikuwa ya redio," Ndunge akasema. "Walikuwa wananielekeza kwenu."

Hasira ya Muasya ikatafuta pa kutua, ikakosa. Badala yake likaja swali lingine.

"Na mbona mnaambiana mambo ya uhai dirishani, gari likinguruma, kama watu wanaouziana mahindi barabarani?"

"Zamani tulikuwa tunazima," Oduor akasema. "Zamu mbili zinaingia nyuma pamoja. Unashika mtungi, unasema, mwenzako anarudia ulivyosema. Baadaye tukaambiwa tunapoteza muda. Gari lisizimwe."

"Aliyewaambia ni nani?"

Oduor akamwangalia Nthiwa. Nthiwa akainua mabega. "Mimi nilikuta ikiwa hivyo."

Ijumaa Muasya akapanda tena Upper Hill.

"Umeridhika?" Mungai akauliza.

"Bado. Huyo msichana msimtoe kwa jina langu." Akaeleza yote, dirisha, redio, hata ile tangawizi. Mungai alisikiliza mpaka mwisho. Hilo Muasya alilikubali, ingawa kwa shingo upande.

"Basi Ndunge abaki kazini kwanza," Mungai akasema. "Lakini nawe, unataka tumshike nani?"

Jibu la hilo Muasya alikuwa nalo tangu siku ya mazishi, na sasa mkubwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake.

"Ni wewe ulisema gari lisizimwe?"

"Mimi?" Mungai akakunja uso, akifikiri. "Hapana. Nilikuta ikiwa hivyo."

Hakuwa akidanganya. Muasya alimtazama vizuri akaona hivyo, na ikamuuma zaidi kuliko uongo. Mungai akainua simu, akampigia aliye juu yake, naye akamwelekeza kwa mwingine, na huyo akasema aulize huko alikotoka. Muasya hakuondoka kitini. Mvua ilianza tena nje. Mungai, simu ingali sikioni, akauliza kwa mara nyingine, safari hii kama mtu anayetaka kujua kweli: nani hasa alisema gari lisizimwe?