Mikono ya Taratibu

"Mmoja abaki, mmoja ahamie," meneja wa zamu alisema, akizungusha kalamu juu ya ramani mpya ya safari. Shirika la ndege la taifa lilikuwa limeamua: safari zote ndefu zianzie jiji la kusini, na njia mpya zifunguliwe kutokea huko. Uwanja huu ungebakiwa na ndege ndogo za ndani tu. "Watu wawili wa kusukuma viti vya magurudumu wa nini tena hapa? Nyie ni ndugu, kubalianeni."

Hawakuwa ndugu hasa. Mkubwa, ambaye abiria walimbandika jina la Taratibu kwa kuwa neno hilo halikukauka mdomoni mwake, alikuwa amemwoa dada wa yule mdogo.

"Nitakwenda mimi, shemeji," mdogo alisema walipotoka. "Wewe una watoto shuleni. Ila mama..."

Taratibu akatazama sakafu. Mama mkwe aliishi kwake tangu kiharusi kimlemaze miguu, na mwanawe huyu ndiye aliyepita kila siku, kabla na baada ya zamu, kumtoa kitandani na kumrudisha. Taratibu, aliyekwisha kubeba majaji, maharusi na wagonjwa wa kila umbo kuwapandisha ndegeni, hakuwahi kumgusa hata mkono. Alimwamkia akiwa mlangoni, macho chini, kisha huyoo, anatafuta kazi ya kufanya uani.

Shemeji aliondoka Jumapili. Jioni yake mke alihangaika na mama yake chumbani hadi kiti kikagonga ukuta.

"Ananizidi," alisikika akisema, karibu kulia. "Ngoja nikawaite majirani."

"Majirani wa nini? Mwite mumeo."

"Mama! Mkweo?"

"Mwite. Aibu haina mgongo wa kunibeba."

Taratibu aliingia amevua viatu. Akachuchumaa, akafunga breki za kiti, akasema kama alivyozoea kazini: "Mama, mkono wangu mmoja utapita mgongoni, mwingine chini ya magoti. Nishike shingoni. Taratibu."

"Mbona unatetemeka? Huko uwanjani umeshaangusha wangapi?"

Mkewe akacheka huku machozi yanamtoka. Taratibu naye akacheka, kicheko kikamlegeza mabega, akamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mwepesi hata akaogopa. Mama alifumba macho mpaka walipofika kitandani.

"Usinilaze kwanza," alisema. "Tangu niingie humu sijaiona njia. Mwanangu alikuwa mtu wa haraka, zamu inamngoja. Nisogeze dirishani; nikiwa kitini silifikii."

Mke akavuta pazia. Nje wanawake walikuwa wakianua nguo, mtu anaosha pikipiki yake, jua limelalia mabati. Mama mkwe aliangalia. Mikono ya Taratibu ilianza kuwaka moto. Akahamishia uzito mguu wa pili, akaendelea kusimama.