Miji Aliyoigawa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa miavuli. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wazi barabarani, na miavuli yenye mbavu nje ikining'inia darini. Aliishi miaka mingi, mpaka wenzake wote wakamtangulia, mpaka na watoto wa wenzake wakaota mvi, na yeye bado akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mtoto akija na mama yake kuchukua mwavuli, baba alimwambia, "Nitegee kitendawili, la sivyo mwavuli haufunguki."

Mchezo wenyewe mnaujua: anayeshindwa kutegua humpa mwenzake mji, ndipo aambiwe jibu. Mimi binti yake nilimtegea tangu nina meno ya utoto hadi nimekuwa bibi wa wajukuu. Hata siku moja hakunipa mji.

Baada ya mazishi watu walikuja kutupa pole, wakajaa chumba kile kile. Akaja mwashi mmoja, pande la mtu, mikono imekauka kwa saruji.

"Pole, mama," akasema. "Mzee alinipa mji nikiwa hivi." Akaonyesha usawa wa goti.

"Ulimtegea nini?"

"Nyumba isiyo na mlango. Akakuna kichwa weee, akashindwa."

Nikamtazama. Nyumba isiyo na mlango ni yai. Hata kuku analijua hilo.

"Akaniambia nichague," akaendelea. "Nikataka mji wenye ngazi nyingi. Tangu hapo kila tukikutana, nimeshaoa, nina watoto, ananiuliza, 'Ngazi zako hazijabomoka?' Namjibu, 'Bado, mzee, tumeongeza za sokoni.'"

Muuguzi aliyekaa karibu yake akashusha kikombe. "Kumbe na wewe? Wangu hauna mgonjwa hata mmoja. Akiniona nimetoka zamu, nimechoka hoi, ananiambia, 'Nenda kwako ukalale, kule hawakuhitaji.'"

Basi ikawa kama gunia limetoboka. Dereva wa lori alikuwa na mji usio na kona. Muuza maziwa alikuwa na mji wa ng'ombe wanaojikamua wenyewe. Mwalimu mkuu mstaafu, na tai yake shingoni, akakiri kwamba wake hauna Jumatatu. Na kila mmoja baba alikuwa akimuulizia mji wake, mtaa kwa mtaa, wala hakuwahi kuchanganya ngazi za huyu na ng'ombe wa yule.

Mtu ambaye safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya kituo cha basi, kumbe alibeba kichwani nchi nzima, na kila siku aliizungukia kuona watu wake wameamkaje.

Lakini moyo ukaniuma. Wateja wa miavuli wana miji, mimi wa damu yake sina hata kibanda.

Pembeni alikaa baba mdogo. Hatuna naye damu. Ni fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyeishi na baba ukuta kwa ukuta. Tunamwita Pindo, kwa sababu haijaingia kwake suruali ikatoka na urefu wake. Nikamwinamia.

"Baba mdogo, nilimkosea nini baba?"

"Kwa nini?"

"Hawa wote aliwaachia makusudi. Mimi kanibana mpaka kaingia kaburini."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapaliwa, muuguzi akampigapiga mgongoni.

"Mwanangu, na ubibi wote huo bado hujajua? Ukimtegea, alikuwa anafanya nini kwanza?"

"Anatoka kwenda kunywa maji."

"Maji ya wapi? Ndoo si ilikuwa humu humu ndani?"

Nikatupia jicho pembe ilipokuwa ikikaa ndoo.

"Alikuwa anakuja kwangu mbio. 'Pindo, niokoe, huyu mtoto ameniua.' Kile cha kitu ambacho mkono wa kushoto unakishika, wa kulia haukifikii hata ulie, unakikumbuka?"

Nilikikumbuka. Jibu lake ni kiwiko cha mkono wa kulia.

"Tulijikunja pale watu wazima wawili mbele ya wateja, utadhani tumemwagiwa upupu. Mteja ndiye aliyetegua. Nikamwambia baba yako, 'Ndugu yangu, mpe mtoto mji wake.' Akakataa katakata. Akasema, 'Wale nawapa waondoke wamefurahi. Huyu nikimpa ataridhika, kesho ataniletea yai. Huyu ananizidi, Pindo. Nataka nione atafika wapi.'"

Baba yangu niliyemwona kama mlima, hasogei, hashindwi, kumbe alikuwa akikimbia barabarani na kandambili kwa ajili ya maneno yangu.

"Alipolala ile mara ya mwisho," baba mdogo akasema, sasa bila kicheko, "alinishika hapa kwenye kola. 'Nikiondoka mwambie nimeshindwa. Nimeshindwa zamani. Achague mji wake.'"

Wote wakanitazama kama wenyeji wanavyomtazama mtu aliyeteremka na mizigo yake. Nilifikiri sana. Kisha nikasema nataka mji ulio katikati ya miji yao yote, niweze kumtembelea kila mmoja kwa miguu na kurudi chai yangu haijapoa.

"Basi utaingilia kwangu," mwashi akasema. "Ngazi zinashukia huko huko."

"Na magoti yake hayo?" muuguzi akamkatiza. "Apite kwangu kwanza, kuna vivuli."

Dereva akasema njia iliyonyooka iko kwake peke yake, wasijisumbue. Mwalimu mkuu akauliza nani atanivusha mto, na wala hakuna aliyekuwa ametaja mto. Wakabishana, wakapandishiana sauti. Baba mdogo akachovya kidole kwenye chai, akachora barabara juu ya meza, akaifuta kwa kiganja, akaichora upya upande wa pili.