Mabega ya Merv

Mwanamume akikwambia havai kwa ajili ya macho ya watu, mfuate nyuma mpaka apite mbele ya kioo cha duka, utaona mwenyewe. Mimi nimeshona majaketi ya ngozi hapa Whyalla, mji wa kiwanda cha chuma, miaka thelathini na moja, na sijapata kumwona hata mmoja aliyeingia kwangu kwa sababu ya baridi. Baridi gani, katika mji huu wa vumbi jekundu? Huja aliyeachwa na mke. Huja aliyetimiza miaka arobaini juzi. Kuna daktari wa meno alikuja akataka fuvu la kichwa mgongoni, nikamshonea, akatoka mlangoni mwangu anatembea kama kafunguliwa jela. Siwacheki. Ngozi ya ng'ombe ina uzito, na asiye na mabega huyapata akishaivaa.

Kaka yangu Merv hakuhitaji kupewa mabega. Alikuwa ameshinda mbele ya tanuri la chuma tangu ana miaka kumi na sita, na nilipomkatia jaketi lake ilibidi niunganishe karatasi mbili za kukatia, maana moja haikumtosha. Alilivaa jaketi hilo hilo miaka yote. Alilivaa hata kwenye mazishi ya mkewe, Joyce, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Dean, mwanawe wa pekee, alikuja na suti nyeusi na tai. Akamtazama baba yake mlangoni mwa kanisa, watu wote wanasikia, akasema, "Hata leo, baba? Hata kwa mama unajionyesha?" Merv akamwambia asikanyage tena kwake. Dean akaenda zake kwenye machimbo ya madini magharibi ya nchi, mwendo wa ndege mbili, na miaka sita ikapita bila hata kadi. Ukweli Merv alinieleza mimi, tena siku nyingi baadaye, akiwa kalewa. "Ningevaa suti ningeanguka, Glenys. Lile jaketi ndilo lililonisimamisha." Nikamwambia, basi kamwambie mwanao. Akasema mwanamume hamwambii mwanawe kitu kama hicho. Wajinga wawili, baba na mwana, na mimi katikati.

Basi mwezi wa tisa mwaka wa tisini na tatu, Merv akaingia karakanani kwangu, akalitupa jaketi juu ya cherehani.

"Lipunguze. Vidole viwili kila upande."

"Vipi, umeanza kula majani?"

"We punguza tu, mdogo wangu, acha maneno."

Nikamvalisha, nikashika pini. Nilipomwinua mkono kupima kwapani, vidole vyangu viligusa mbavu, moja moja, ningeweza kuzihesabu. Nikaweka pini chini. "Sema," nikamwambia. Akasema. Ilikuwa saratani ya mapafu. Daktari alikuwa amemwambia huenda Krismasi akaiona na huenda asiione.

Alitaka mambo mawili kwangu. La kwanza, watu wa klabu yake ya pikipiki wasijue mpaka Msafara wa Midoli upite. Kila mwaka, Desemba, wenye pikipiki wote wa mji huu hufunga midoli nyuma ya viti vyao na kuipeleka kwa watoto waliolazwa hospitali, na Merv alikuwa ameuongoza msafara huo mara kumi na tisa. Kwa kanuni za klabu mgonjwa haongozi. Hupandishwa gari la nyuma, pamoja na maji ya kunywa na matairi ya akiba. La pili, Dean asiambiwe.

"Hilo la pili siliwezi," nikasema.

"Utaliweza."

"Ni mwanao, Merv. Ana haki ya kujua."

"Akija kwa sababu nakufa, atakuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Atanishika mkono, atalia, tutasameheana kwa kuwa hatuna la kufanya. Sitaki hiyo. Nataka aje kwa baba yake, anikute nimesimama." Akavuta pumzi kwa shida. "Namtaka, Glenys. Hakuna siku nisiyomtaka. Lakini anikute nikiwa mimi."

Nilimtukana, nikamwita mpumbavu na mengine ambayo mama yetu angenipiga kofi kwa kuyasema. Kisha nikamwapia kwamba sitamwambia Dean habari za ugonjwa. Mpaka leo sijui kwa nini niliapa. Nadhani niliona aibu kumnyima mtu kitu cha mwisho.

Nikalipunguza jaketi. Baada ya wiki tatu nikaona tumekosea, kwani kadiri lilivyomkaa vizuri ndivyo lilivyoonyesha wazi alivyokwisha. Nikafumua mishono yote, nikalirudisha lilivyokuwa, nikaanza kumjaza mtu mwenyewe. Mabegani niliweka ngozi ya kondoo yenye manyoya, tabaka mbili. Kifuani niliweka sponji ile ya viti vya pikipiki, nimeichonga kwa kisu mpaka ikapata umbo la kifua chake nilichokikumbuka. Mikononi nikazungushia pamba. Juu ya yote hayo nikashona bitana mpya nyeusi kwa mkono, mishono midogo midogo, ili hata akilivua mbele ya watu wasigundue kitu. Kila Alhamisi alikuja, na kila Alhamisi nikaongeza. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na nilijivunia, siwezi kukudanganya. Merv alikuwa akijitazama kwenye kioo, anageuka upande huu na upande ule kama bibi harusi. "Huyo hapo," alisema. "Huyo namjua."

Dean nilimwandikia. Niliapa kutosema ugonjwa, sikuapa kutoandika barua. Nikaandika mistari miwili tu: baba yako anaongoza Msafara wa Midoli Jumapili ya tarehe kumi na mbili, njoo umwone. Nilijiona mjanja kweli. Sikumwambia Merv, nikanunua stempu, nikatia barua posta.

Jumapili yenyewe joto lilifika nyuzi arobaini na moja. Lami ilikuwa inanata viatuni. Wanaume zaidi ya mia mbili wamesimama juani ndani ya ngozi nyeusi, jasho linawatiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuna hata mmoja aliyekubali kufungua zipu kabla ya mwenzake. Nyuma yao wamefunga madubu ya manyoya, wanasesere wa nywele za dhahabu, magari ya plastiki. Merv alikuwa amemfunga twiga wa kitambaa, shingo imelala begani kwake. Makamu wake, ambaye tunamwita Bluu kwa sababu nywele zake ni nyekundu, maana huku utani wetu huenda kinyume, akamzunguka akimtazama.

"Mzee, mbona kifua kinaongezeka? Unanyonyesha?"

"Wivu huo," Merv akajibu. "Chako wewe kilishashukia tumboni."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mikono yake kwenye usukani. Ilikuwa inatetemeka, na ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikuwa pikipiki iliyokuwa ikiitikisa. Asubuhi ile tulihitaji nusu saa kumvalisha.

Wakaondoka. Nikakata njia kwa miguu mpaka kwenye kona ya kituo cha mafuta, mahali msafara unapopunguza mwendo, na hapo ng'ambo ya barabara nikamwona Dean. Amenenepa kidogo, kavaa shati jeupe la mikono mifupi, mikono mfukoni. Merv naye akamwona. Nilijua kamwona kwa sababu aliunyoosha mgongo, mgongo ule ambao siku nne kabla haukuweza kumwinua kitandani, akamwinulia mwanawe kidole gumba. Dean akatoa mkono mfukoni, akamwinulia na yeye. Walitazamana hivyo mpaka pikipiki ikakata kona. Nililia pale pale mbele ya watu, nikidhani yamekwisha.

Pikipiki zilipomalizika kupita nikavuka barabara. Dean hakuwepo. Nikauliza dukani, nikauliza kwenye hoteli ile iliyo karibu na stesheni, nikaambiwa mtu kama huyo amekwisha lipa chumba na ameshachukua teksi ya uwanja wa ndege.

Nikamkuta Merv nyumbani kwake, Bluu kamfikisha bila kushuku chochote. Alikuwa kakaa barazani, uso umekuwa wa kijivu, na anacheka.

"Ulimwona? Ulimwona alivyonitazama?"

"Nilimwona, kaka." Nikashindwa kumwambia habari ya teksi. "Nimpigie simu?"

"Usimpigie. Kashaniona, si umeona? Atakuja mwenyewe. Kesho atakuja."

Jumatatu akanifanya nimvalishe jaketi asubuhi, akakaa barazani anatazama barabara. Jua likaingia mpaka magotini mwake. Nikamwambia avue, joto litamuua, na nilipoisikia kauli yangu nikaingia ndani kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka. "Akija anikute hivi," alisema. Jumanne vilevile. Kila gari lililopunguza mwendo alikaza mabega. Jioni ile nikamweleza kwamba Dean aliondoka siku ile ile. Akafikiri, halafu akasema, "Basi kaenda kuomba likizo. Machimbo hayaachwi hivi hivi." Sikumbishia.

Jumatano akaanguka kati ya kiti na mlango. Wakati gari la wagonjwa linamchukua mimi nilikuwa kwenye simu, naivunja ahadi yangu, namwambia msimamizi wa kambi ya machimbo amtafute Dean Hocking popote alipo chini ya ardhi au juu yake, amwambie baba yake anakufa. Dean alipata ndege ya kwanza Alhamisi. Ijumaa saa mbili asubuhi, wodini, Merv akaniuliza kama kuna mtu mlangoni. Nikamwambia bado. Hakuuliza tena, na kabla ya saa tatu alikuwa amekwisha kata roho.

Dean alifika saa tano, na vumbi la machimbo bado kwenye nywele. Aliingia kumwona baba yake peke yake. Alipotoka tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Muuguzi akatuletea mfuko wa vitu vya marehemu, na kitu kilichokuwamo ni jaketi tu, maana alikataa kwenda hospitali bila hilo.

"Nilimwona Jumapili," Dean akasema. "Nilikuja kuomba msamaha, shangazi. Nimeyafanyia mazoezi yale maneno ndani ya ndege zote mbili. Nilikuwa navuka barabara."

"Sasa nini kilikuzuia?"

"Alikuwa mzima mno. Nilitazama mabega yale nikasema, huyu mzee hana shida na mtu, huyu ana miaka ishirini mbele yake. Hana haja na maneno yangu leo. Nikasema nitakuja Pasaka, tukae vizuri, siyo barabarani." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Ningemwona amekonda kidogo tu, ningemkimbilia."

Alikuwa amelishika jaketi magotini, anazungusha mikono ndani yake bila kujua anachofanya. Nikaona vidole vyake vimesimama begani. Akabonyeza. Akabonyeza na kifua. Akaligeuza ndani nje, akalisogeza karibu na macho, akaifuata bitana kwa kidole mpaka akaupata mshono wa kwanza, kisha wa pili, akavuta uzi kwa ukucha mpaka manyoya ya kondoo yakachungulia. Tuliyatazama wote wawili.

"Nani kashona hivi?"

Ningeweza kumwambia sijui. Baba yake angetaka nimwambie sijui.

"Ni mimi."

Akayarudisha manyoya yale ndani kwa kidole.

"Umeshona vizuri, shangazi," akasema. Hakusema kwa hasira. Laiti angenikasirikia.